Fodio, fodere, fodi, fossum: Verbo moja la Kilatini na inchi ya Bambu



Kila mmoja aliyepita katika seminari ndogo anakumbuka sauti ya darasa zima likitaja kwa pamoja sehemu nne za verbo. Fodio, fodere, fodi, fossum: maana yake ni kuchimba. Tulizitaja asubuhi mapema, mwalimu akatupeleka kwenye verbo lingine, nasi tukamfuata bila kuuliza neno.

Leo tunapenda kurudi nyuma, tulisome tena verbo hilo tukiwa Bambu. Hatukuchagua mahali hapo kwa bahati tu. Bambu iko katika teritori ya Djugu, upande wa kaskazini wa Bunia, na watu wanaiita pia Bambu-Mines, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa makao makubwa ya kazi ya zahabu ya Kilo. Huko mtoto anaona watu wakichimba kabla ya kujua kusoma. Ikiwa kuna mahali ambapo verbo fodere si neno la kitabu tu, ni hapo. Na tukiligeuza verbo hilo vizuri, tutaona kwamba sarufi yenyewe inatuuliza swali ambalo watu wengi walioandika habari za Bambu hawakulijibu: ni nani aliyechimba?

1. Maana ya verbo

Maana ya kwanza ya fodere ni kuchimba udongo: kuchimba kisima, msingi wa nyumba, mtaro, kaburi. Maana ya pili ni kuchoma au kutoboa kwa kitu chenye ncha. Katika Zaburi ya 21 kadiri ya hesabu ya Vulgata, neno foderunt halisemi juu ya udongo, linasema juu ya mikono na miguu. Kanisa linalisoma hilo likifikiri misumari ya msalaba. Basi msomaji asishangae: chuma kinachoingia katika udongo na chuma kinachoingia katika mwili vinatajwa kwa neno moja.

Verbo hilo limezaa mengine mengi. Effodere ni kuchimbua, kutoa nje kile kilichozikwa. Matayo mtakatifu analitumia katika sura ya 6 juu ya wezi na hazina za dunia. Perfodere ni kutoboa ukuta. Tunalipata katika sura ya 24 ya Injili ile ile, juu ya mwenye nyumba asiyejua saa ya mwizi. Defodere ni kuzika ndani ya udongo. Suffodere ni kuchimba chini ya kitu mpaka kianguke. Confodere ni kuchoma mtu kwa silaha.

Watoto wake wengine tunaishi nao kila siku katika Kifaransa cha inchi yetu. Fosse ni shimo, fossoyeur ni mchimba kaburi. Neno enfouir, yaani kuzika, nalo ni la ukoo huo. Hata fouiller ni mjukuu wa fodere: askari anayesimamisha wasafiri kwenye barieri na kupekua mizigo yao anafanya kazi ambayo jina lake lilianza katika kuchimba.

2. Namna ya kuligeuza

Fodio ni verbo la konjugesoni ya tatu, lakini ni la lile kundi dogo lenye i, pamoja na capio, facio, fugio na cupio. Mwanafunzi anaona fodio na fodiunt, anafikiri ni kama audio, kisha anaandika fodire. Mwalimu anafuta kwa wino mwekundu. Lakini tusimcheke sana mwanafunzi huyo: watu wa kawaida wa zamani walikosea vilevile, na Kifaransa fouir kimetoka katika kosa lao.

Sheria yenyewe ni rahisi. I ya shina inabaki mbele ya a, o, u, na mbele ya e ndefu: fodio, fodiunt, fodiam, fodiebam. Inapotea mbele ya i nyingine na mbele ya er fupi: fodis, fodit, fodimus, foditis, fodere, foderem. Amri kwa mtu mmoja ni fode, kwa wengi ni fodite. Katika fossum, d ya shina imekutana na t, zote mbili zikawa ss, kama vile sedeo anavyofanya sessum.

Sasa tufike kwenye neno ambalo linatuleta Bambu. Perfectum ya fodio haiongezi silabi wala haibadili konsonanti. Inafanya o kuwa ndefu tu, kama venio anavyofanya veni, na fugio anavyofanya fugi. Kwa hiyo fŏdit yenye o fupi ni «anachimba», na fōdit yenye o ndefu ni «alichimba». Lakini katika kitabu cha kawaida alama hizo haziandikwi. Jicho linaona fodit mara mbili, wala haliwezi kutenga ya leo na ya zamani. Ni vile vile kwa fodimus: ni «tunachimba», tena ni «tulichimba». Na fodi, iliyo «nilichimba», inaandikwa sawa na infinitivo ya kutendewa: «kuchimbwa».

Ni habari zinazozunguka neno ndizo zinazotuonyesha maana yake. Katika Matayo 25, mtumwa aliyepokea talanta moja, fodit: ni lazima tuseme «alichimba», kwani maneno yanayofuata ni ya wakati uliopita, na Kigiriki kinashuhudia. Katika Luka 6, mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba naye fodit, akachimba mpaka chini. Watu wawili, verbo moja, wakati mmoja: wa kwanza alichimba ili kuficha, wa pili alichimba ili kujenga.

Kuna jambo lingine. Katika Kilatini, neno fodit peke yake ni sentensi kamili. Mtendaji amefichwa ndani ya t ya mwisho, kama vile Kiswahili kinavyomficha ndani ya a ya kwanza: a-lichimba. Sentensi inasimama, mwalimu anatoa alama zote, na bado hatujajua ni nani. Mwanafunzi mmoja tuliyemfundisha, ambaye kwao ni upande ule wa machimbo, alitafsiri fodit vizuri, kisha akauliza: «Padri, ni nani?» Tulimjibu kwamba sarufi haidai hilo. Jibu letu lilikuwa sawa kwa sarufi. Kwa historia halikutosha.

3. Nani alichimba?

Tuangalie namna Maandiko yenyewe yanavyojibu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, Isaka anavirudia visima vya baba yake ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Vulgata inasema kwamba Isaka fodit, alichimba. Lakini juu ya visima vile vya kwanza inatumia plusquamperfectum, foderant, «walikuwa wamechimba», na mtendaji anatajwa: ni watumwa wa Abrahamu. Mbele kidogo, Isaka anawaagiza watumwa wake ut foderent, ili wachimbe. Mwandishi mtakatifu alijua desturi ya dunia: bwana anaagiza, mtumwa anashika jembe, na kisima kinaitwa kwa jina la bwana. Hata hivyo aliacha neno servi katika sentensi yake.

Habari za Kilo na Bambu zimeandikwa namna gani? Vitabu vinasema kwamba mwaka wa 1903 zahabu ilionekana karibu na Kilo na wapelelezi wawili kutoka Australia, waliotumikia Serikali ya mfalme Leopold. Mwaka wa 1905 kazi ya kuchimba ilianza. Mwaka wa 1919 ikawa Régie ya Serikali. Mwaka wa 1926 ikaundwa kompani, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Mwaka wa 1966, baada ya uhuru, ikawa Office, ndiyo OKIMO. Baadaye ikarudia jina la SOKIMO. Vitabu vinasema: Régie ilichimba, kompani ilichimba, Office ilichimba. Au vinatumia maneno ya kutendewa, aurum foditur, zahabu inachimbwa, kama kwamba udongo ulijifungua wenyewe.

Lakini Régie haina mikono. Waliochimba ni watu. Siku za kwanza wengi hawakuja kwa mapenzi yao: mashefu waliamriwa kutoa vijana, na aliyetajwa alikwenda. Wengine walibeba mizigo na vyakula njia ndefu ili wachimbaji wale. Walitoka katika makabila mengi, wakaishi pamoja katika kambi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi.

Tunajua nini juu yao? Tuchukue hesabu moja ambayo imebaki, ya machimbo ya Moto upande wa Uele, ndugu wa machimbo ya Kilo. Katika miezi 6 ya kwanza ya mwaka wa 1920, wafanyakazi wa Moto walipigwa fimbo 26.579. Ni karibu fimbo 8 kwa kila mtu. Tuisome hesabu hiyo polepole. Karani aliandika kila fimbo, hakuruka hata ile ya mwisho. Alikuwa na karatasi, alikuwa na wino, alikuwa na uangalifu. Kilichobaki mikononi mwetu ni hesabu ya mapigo. Hesabu hiyo haina jina la mtu. Hapo fodere imefika kwenye maana yake ya pili, ile ya Zaburi: chuma katika udongo, na ngozi ya fimbo katika mwili.

Hatusemi hivi ili kuwasha hasira. Kuna wazee wanaokumbuka pia hospitali, shule, nyumba na mshahara wa nyakati za baadaye, na kumbukumbu hizo ni za kweli. Tunasema tu kwamba sentensi bila mtendaji ni sentensi iliyofichwa nusu. Tena kazi haikuisha. Tangu mwaka wa 1982, Serikali iliporuhusu wananchi kuchimba zahabu kwa mikono yao, vijana wengi wa Ituri wameingia katika karieri. Kwao fodit si ya wakati uliopita. Baba yake alichimba, yeye anachimba: neno ni moja, herufi ni zile zile, urefu wa o tu ndio unaowatenga.

4. Wachimbaji katika Kanisa la kwanza

Msomaji atauliza: habari hizi zinahusu nini seminari? Tujibu kwa historia ya Kanisa, na hasa ya Kanisa la Afrika.

Kutoka fossum limetoka neno fossor, mchimbaji. Pale Roma, mafossores walichimba makaburi ya chini ya udongo, yale tunayoyaita katakombe. Walifanya kazi gizani, na taa ndogo na sururu, katika mwamba laini, wakiandaa mahali pa wafu mmoja mmoja. Katika katakombe ya Domitilla palichorwa mmoja wao, Diogenes, akiwa na vyombo vyake vya kazi. Jina lake liliandikwa pamoja na neno fossor, bila haya yoyote.

Tuvuke bahari sasa, tufike Cirta katika Numidia, mji ambao leo ni Constantine katika Algeria. Tarehe 19 Mei 303, wakati wa mateso ya Diocletianus, wakubwa wa mji waliingia katika nyumba ya Wakristu kutafuta vitabu na vyombo vitakatifu. Karani wa Serikali aliandika yote. Aliandika kwamba askofu Paulus alikuwa ameketi, na mapadri. Kisha akawataja mashemasi, na masubdiakoni. Na baada yao akawataja wachimbaji: Januarius, Fructuosus, Saturninus, Victor, na wengine. Mafossores walihesabiwa pamoja na watumishi wa Kanisa, nyuma tu ya masubdiakoni. Habari ya siku ile kwa upande mwingine ni ya huzuni, kwani vyombo vilitolewa. Lakini tuangalie jambo hili: karani wa mtesaji aliandika majina ya wachimba makaburi wa Afrika, na baada ya miaka zaidi ya 1.700 bado tunaweza kuwaita kwa majina.

Kabla yao kulikuwa na wengine waliohukumiwa kazi ya machimbo, azabu ambayo Waroma waliiita ad metalla. Mwaka wa 257, maaskofu 9 wa Numidia, pamoja na mapadri, mashemasi na waamini wengi, walifungwa minyororo wakapelekwa huko. Sipriano mtakatifu, askofu wa Kartago, aliwaandikia barua. Aliwaambia kwamba wao wenyewe ndio zahabu na feza, na kwamba mambo yamegeuka: mahali palipozoea kutoa zahabu, sasa pameanza kuipokea. Mwaka uliofuata Sipriano mwenyewe aliuawa kwa upanga.

Naye Kallisto mtakatifu alikuwa mtumwa, akahukumiwa kazi ya machimbo katika kisiwa cha Sardinia. Alipofunguliwa alirudi, akawekwa kuwa shemasi mwangalizi wa makaburi ya Wakristu pale Roma, kisha akawa Papa kuanzia mwaka 217 hivi mpaka 222. Basi mtu aliyejua mashimo ya azabu alitunza mashimo ya wafu, halafu akakalia kiti cha Petro. Katekista wa Bambu anayefundisha watoto wa wachimbaji asikose kuwaeleza habari hiyo.

5. Fossum

Imebaki sehemu ya nne, fossum, na fossa iliyotoka humo: shimo lililokwisha kuchimbwa. Kwa hiyo hatuwezi kunyamaza.

Shimo la zahabu linaweza kumwangukia mchimbaji. Kuna shimo jingine pia. Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003, na tena mauaji yaliyoanza Desemba 2017, yamepita katika teritori ya Djugu, na Bambu haikusalimika. Mwezi wa Januari 2023, katika vijiji vya Nyamamba na Mbogi, katika teritori hiyo hiyo, yalionekana makaburi ya pamoja yenye maiti 49. Kifaransa kinayaita fosses communes. Fossa bila fossor: hapakuwa na mtu wa kanisa wa kuandaa mahali pa kila mmoja, wala wa kuandika jina lake.

Tena hapa ndipo swali «ni nani?» linahitaji hekima. Kuna mtu anayeuliza nani alichimba kwa kusudi la kusema: ni sisi, si wale, udongo ni wetu, waondoke. Sarufi inatufundisha kuwa waangalifu. Fodimus, «tulichimba», haitoboi siri ya ile «sisi» ni nani. Katika kambi za Kilo na Bambu, «sisi» ilikuwa watu wa makabila mengi, waliokula chakula kimoja na kupigwa fimbo moja. Anayeigeuza fodimus kuwa ya kabila lake tu amekosea historia kabla ya kukosea upendo. Wazee wetu walikwisha kusema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

6. Mwisho

Mwaka wa 1962, Papa Yoane wa XXIII alitaka Kilatini kishikwe kwa nguvu katika seminari. Mwaka wa 1963 Mtaguso ulifungulia lugha za watu mlango wa ibada. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, namba 249, inataka bado mapadri wa kesho wakijue vizuri. Wanafunzi wengine wanauliza faida yake. Faida moja ni hii: lugha inayoficha mtendaji ndani ya herufi moja inatuzoeza kumtafuta.

Na sisi tuna chombo cha kumwandika. Katika vitabu vya zamani vya ubatizo vya misioni zetu, padri aliandika kwa Kilatini: baptizavi, nilibatiza. Hakuliacha verbo peke yake. Alitia jina lake, jina la mtoto, majina ya wazazi, jina la msimamizi, mahali na siku. Hakuna sentensi iliyo kamili kuliko hiyo, na iliandikwa vilevile kwa mtoto wa shefu na kwa mtoto wa mbeba mizigo. Sheria ya Kanisa inadai pia kitabu cha wafu katika kila parokia, na inataka kila maziko yaandikwe humo.

Basi tunawaomba ninyi mapadri, mafrateri na makatekista wa upande huo mambo mawili. La kwanza: vitabu hivyo vitunzwe, visiliwe na mchwa wala kuachwa katika mvua wakati wa kukimbia, na mchimbaji anayekufa katika shimo aandikwe kama mtu mwingine yeyote, hata ikiwa alikuja kutoka mbali na hana ndugu wa kumlilia. La pili: kila anayekwenda likizo upande wa machimbo achukue kaye, akae na wazee, awaulize baba zao waliitwa nani, walitoka wapi, walichimba mlima gani, na mwaka gani. Asiulize kabila kwanza. Aulize jina.

Tutakapokuwa na kaye kumi za namna hiyo, mwanafunzi aliyetuuliza «Padri, ni nani?» atapata jibu lake. Naye atakaposoma fodit, ataweza kuweka jina mbele yake.